Maneno ya Kiingereza yanayofanana: jinsi ya kuchagua linalofaa ukiwa kazini Mwanza

Neno moja la Kiswahili mara nyingi linabeba mzigo ambao Kiingereza kinawagawia watatu. Ndiyo maana karani wa mapokezi kule Capri Point, au kijana anayewavusha wageni kwenda kisiwa cha Saanane, anaweza kutamka sentensi iliyonyooka kisarufi na mgeni akaelewa jambo jingine kabisa. Kujua tafsiri ya neno hakutoshi. Jiulize mambo mawili: baada ya kitenzi hiki anakuja nani au kinakuja nini? Na kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani?

Chukua "steal" na "rob". Kiswahili kinasema "wameniibia simu", na ile -ni- inamweka mwenye mali ndani ya kitenzi. Ukiihamisha kama ilivyo unapata "they stole me", yaani wamekuiba wewe mwenyewe, wamekubeba wakaondoka nawe. "Steal" hufuatwa na kitu kilichoibwa: "they stole my phone". "Rob" hufuatwa na mtu au mahali: "they robbed me", "they robbed the shop". Kuna tofauti nyingine ya maana. "Rob" inabeba nguvu au vitisho, karibu na kupora. Mgeni aliyechomolewa simu stendi ya Nyegezi bila kuhisi chochote, ukimwandikia maelezo ya polisi kwa "rob", anayesoma atatafuta panga au bunduki ambayo haikuwepo. Andika "my phone was stolen". Aliyevunja nyumba usiku na kuingia ni "burglar".

"Borrow" na "lend" zinakosewa kwa sababu "azima" inakwenda pande zote mbili: nimeazima kalamu, niazime kalamu. Kwa Kiingereza, kitu kikija kwako ni "borrow", kikitoka kwako ni "lend". "Borrow me your pen" haipo. Sema "lend me your pen" au "can I borrow your pen?" Ukikwama, waza kukopa na kukopesha, maana hapo Kiswahili kimeshatenganisha.

Na si hapo tu Kiswahili kinapokusaidia. "Tell" inatembea kama "ambia": haikai bila mtu. Huwezi kusema "aliambia kwamba meli imechelewa". Lazima useme alimwambia au alituambia. Kwa hiyo "he told that the ship is late" inachechemea kwa sababu ileile. Sema "he told us". "Say" inatembea kama "sema": "he said the ship is late". Vilevile "bring" ni leta, "take" ni peleka, na "fetch" ni kalete, yaani nenda ukachukue kisha urudi nacho.

Sasa ufukwe, neno ambalo kwa watu wa ziwa linastahili uangalifu wa pekee. "Coast" ni ya bahari. Mkoa wa Pwani kwa Kiingereza ni Coast Region, na Mwanza haina "coast". Ukingo wa ziwa ni "shore", na ukingo wa mto, iwe Simiyu au Mirongo, ni "bank". Ukisema "the bank of the lake" mgeni anaweza kusimama kidogo akiwaza benki. "Beach" ni pale penye mchanga au kokoto pa kutembea na kukaa. Kwetu mialo mingi ya wavuvi inaitwa "beach", lakini mgeni akisikia neno hilo anafungasha nguo za kuogelea. Kama unampeleka kuona dagaa wakianikwa na sangara wakipimwa kwenye mizani, mwambie "landing site". Kupaita mahali "beach" halafu umkataze mgeni kuingia majini kwa sababu ya kichocho kutamchanganya.

"Kupanda" nayo ina mtego wake. "Climb" ni kukwea kwa mikono na miguu, kama mtu anayepanda mawe ya Mwanza. "I climbed the ferry" inaleta picha ya mtu anayening'inia ubavuni mwa kivuko. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama meli, basi au treni, ni "get on". Unachoingia kwa kuinama na kukaa, kama teksi, bajaji au mtumbwi mdogo, ni "get in". Pikipiki na baiskeli unakaa juu yake, kwa hiyo ni "get on".

Maneno ya adabu yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa yanagusa moyo wa mtu. "Pole" haina pacha. Mgeni akijikwaa nawe ukasema "sorry", anaweza kudhani unakiri kosa, akakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Uliza "are you all right?" Akikupa habari ya ugonjwa, "I'm sorry to hear that" inafaa sana, kwa sababu sentensi nzima inaonyesha huruma ni ya nini. Kwa msiba sema "I'm sorry for your loss". Unapoomba njia, "excuse me". Ukishamkanyaga mtu, "sorry". Kwa "pole na safari" uliza "how was your journey?" "Journey" ni ule mwendo wenyewe wa njiani, "trip" ni kwenda na kurudi kwa shughuli fulani, na "travel" kwa kawaida ni kitenzi, hivyo usiseme "a travel".

"Kusindikiza" usiitafsiri kwa "escort". Kwa masikio ya wengi neno hilo ni la walinzi wenye silaha, au la mtu anayelipwa kwa uandamani wa faragha, na mwanamke anayesafiri peke yake anaweza kushtuka. "I'll walk you to the ferry" ndiyo salama. Ukimuaga pale kivukoni, ni "see you off".

Kodi ya nyumba ni "rent", ya serikali ni "tax". Ya kivuko ni nauli, "fare".

Tenga daftari. Kwa kila jozi usiandike neno na tafsiri. Andika sentensi mbili kamili za kazini kwako, kisha pigia mstari kinachofuata kitenzi. Halafu badilisha maneno nafasi na uandike pembeni, kwa Kiswahili, maana iliyobadilika. Jozi tatu kwa wiki zinatosha, mradi umezisema kwa sauti mbele ya mteja halisi kabla ya kuongeza nyingine.