Somo: Kumimina puli ya mashine ya posho kutoka rimu chakavu

Puli ikipasuka kwenye kitovu, mafundi wengi hulaumu mchanga. Mchanga una makosa yake, ila chungu cha kuyeyushia ndicho cha kukaguliwa kwanza. Chuma kikishayeyukia ndani ya alumini, moto hauwezi kukitoa tena.

Rimu nyingi za alumini za magari madogo ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya A356 au ndugu yake wa karibu. A356 ya kiwandani ina silikoni asilimia 6.5 hadi 7.5, magnesiamu 0.25 hadi 0.45, chuma kisichozidi 0.20, shaba isiyozidi 0.20, zinki na manganisi kila moja isiyozidi 0.10, na titani isiyozidi 0.20. Iliyobaki ni alumini. Silikoni ndiyo inayoufanya uji, yaani alumini iliyoyeyuka, ukimbie hadi kwenye kona za kalibu (umbo la mchanga la kumiminia) na kupunguza nyufa unapoganda. Magnesiamu ni kidogo, lakini bila hiyo aloi haikubali kukomazwa kwa joto. Aloi hii huanza kulainika kwenye nyuzi 555 za Selsiasi hivi na kuyeyuka yote karibu na 615.

Hatua ya 1: Chambua. Hapa ndipo kazi ilipo. Ng'oa vali na vizani vyote vya kusawazisha gurudumu, hata vile vya kubandika kwa gundi, kwa sababu vingine ni risasi na vingine zinki. Pitisha sumaku kutafuta boliti na bushi za chuma. Kisha kwangua rangi sehemu ndogo na udondoshee siki: pakitoa mapovu papo hapo, hiyo ni rimu ya magnesiamu. Iweke kando, maana ikishika moto hutauzima kwa maji.

Pistoni nazo zinafaa. Zina silikoni karibu asilimia 12, na shaba na nikeli kama asilimia 1 kila moja. Toa ringi na pini. Pistoni za dizeli huwa na kishikio cha ringi cha chuma kilichomiminiwa ndani ya mfereji wa juu, na mara nyingi sumaku haikishiki kwa sababu ya nikeli iliyomo. Yeyusha kwa moto wa wastani, na alumini ikishuka tu, kiopoe mara moja.

Nyumba za gieboksi usichanganye na rimu. Aloi zake nyingi zina shaba asilimia 2 hadi 4, na chuma huweza kufika 1.

Hatua ya 2: Chungu. Cha grafiti na udongo ni bora. Ukitumia cha chuma, kipake chokaa au udongo laini tabaka mbili, ukauke kabisa. Fimbo ya kukorogea na upawa pia vipakwe. Nondo tupu inayokaa ndani ya uji huliwa kidogo kidogo, na chuma hicho hugeuka kuwa vijisindano vigumu ndani ya puli. Ufa huanzia hapo.

Hatua ya 3: Yeyusha. Pasha chakavu pembeni mwa tanuri kwanza. Kipande chenye maji kikizama kwenye uji hulipuka. Unyevu wa makaa nao huleta hidrojeni, hasa miezi ya mvua. Usipite nyuzi 750, wala usikoroge ovyo: kila ukivunja ngozi ya juu unaalika gesi. Mwenye nitrojeni kavu aipulizie ndani ya uji, karibu na sakafu ya chungu, kwa bomba la grafiti, ili iondoe hidrojeni.

Hatua ya 4: Modeli (mfano wa puli unaobanwa kwenye mchanga) na kalibu. Alumini hunywea kama milimita 13 kwa kila mita. Puli ya milimita 200, ukiacha milimita 2.5 kila upande za kukata kwenye leithi, inataka modeli ya karibu milimita 208. Mchanga usiwe na maji mengi. Ukiufinya kiganjani ushikane, ukiuvunja uvunjike safi.

Kitovu ndicho kinene na huganda mwisho. Kiwekee juu hifadhi ya uji iliyo nene kuliko chenyewe, la sivyo kitanywea na kubaki na matundu ndani.

Hatua ya 5: Mimina kwenye nyuzi 690 hadi 730, mfululizo, bila kusita katikati.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, rimu ilikuwa ngumu, mbona puli ni laini? (Jinja)*

Rimu ilikomazwa kiwandani, nawe umeufuta ukomavu ule ulipoiyeyusha. Ikitoka kwenye mchanga, A356 hubeba takriban kilo 16 kwa milimita ya mraba kabla ya kukatika. Ikikomazwa vizuri hufika 24. Kazi yenyewe: nyuzi 540 kwa saa 8 hivi, izamishe kwenye maji ya moto, kisha nyuzi 155 kwa saa 4. Tanuri lisilo na kipima joto cha kuaminika lisijaribiwe, maana ukipita 555 kitovu huanza kuyeyuka kwa ndani. Ongeza unene tu.

*Nikikata kitovu naona matundu. Ni gesi? (Mbale)*

Yaangalie kwa karibu. Ya duara, yenye kuta laini zinazong'aa, ni gesi. Yenye kuta za kukwaruza kama sponji, ni uji uliokosa hifadhi. Dawa ya moja haitibu jingine.

*Chuma kikizidi, naweza kupunguza kwa waya za umeme za alumini? (Kampala)*

Ndiyo, lakini waya hazina silikoni. Ukichanganya nusu kwa nusu na rimu, silikoni hushuka hadi 3.5 na uji hautafika kwenye kona. Ongeza pistoni. Kilo 6 za pistoni na kilo 4 za waya hutoa silikoni karibu asilimia 7.

*Makopo ya soda je? (Kampala)*

Ni membamba, mengi huishia kuwa takataka ya juu, na silikoni hayana.

*Ssebo, uji unaobaki naweza kumimina sufuria? (Masaka)*

Hapana. Chakavu cha mchanganyiko huweza kubeba risasi, nayo hutoka polepole ndani ya chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya. Hutaiona wala kuionja. Mimina vipande vya akiba, uviandike aina, uvitumie kwenye puli inayofuata.