Swali lako lisimlazimishe mtu kujipamba

Ukiandaa dodoso, usiulize "Je, huwa unanawa mikono kabla ya kula?" Nani atasema hapana? Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipokula, uliwahi kunawa au hukupata nafasi?" Umetaja tukio moja, na umempa mtu upenyo wa kusema ukweli bila kuaibika.

Kwa mambo mazito kama rushwa au ulevi, maneno laini hayatoshi. Mwache ajaze fomu mwenyewe, faragha. Mbele ya muulizaji watu hujisafisha kwa maneno. Ikibidi kuuliza ana kwa ana, kuna mbinu iliyotokana na wazo la mtafiti Stanley Warner la mwaka 1965, nami naiona ya kijanja kweli. Mhojiwa anarusha sarafu bila wewe kuona. Ikitoka kichwa, anasema "ndiyo" hata kama si kweli. Ikitoka upande wa pili, anajibu ukweli. Huwezi kujua "ndiyo" yake imetoka wapi, kwa hiyo hana cha kuogopa. Kati ya watu 100 wakisema ndiyo 60, takribani 50 ni za sarafu. Zinabaki 10 kati ya 50 waliojibu ukweli, yaani kama asilimia 20. Ukiwa na watu wachache, usiitumie, makadirio yatayumba.

Wengine huuliza "watu wa rika lako hufanyaje?" wakitumaini mtu atajisema mwenyewe. Husaidia, ila wapo ambao kweli watawasema wenzao tu.