Jinsi ya kupiga potreti za vita za kuigiza kwenye mwanga hafifu

Wengi wakitaka kupiga potreti ya vita wanaanza na bunduki, magwanda na moshi, sura inakuja kukumbukwa mwishoni, na mimi naona ni kinyume kabisa. Itafute ile picha ya Don McCullin, mpiga picha za vita Mwingereza, ya mwanajeshi wa Marekani aliyepigwa butwaa kwenye mji wa Hue, Vietnam, mwaka 1968. Hakuna mlipuko pale, hakuna moto, ni jamaa tu kakamatia bunduki yake kwa mikono miwili na macho yako mbali kabisa. Vita yote iko machoni. Kwa hiyo haya yote nitakayosema kuhusu mwanga yapo kwa ajili ya macho, ukiyapoteza hayo unabaki na mtu aliyevaa nguo za jeshi gizani.

Tuanze na mwanga wenyewe. Kabla hujawasha chochote jiulize, ndani ya hii stori mwanga unatoka wapi? Kandili, moto, tundu ukutani, tochi ya mwenzake? Chagua kimoja, afu taa yako ikae upande huohuo na urefu huohuo. Taa ndogo ya LED inatosha, hata tochi yenye nguvu uliyoifunika na karatasi nyeupe ya kuokea ili isichome sana, au dirisha moja huku mengine umeyaziba. Iweke pembeni mbele kidogo, kiasi kwamba upande wa pili wa uso unaingia gizani ila chini ya jicho la upande huo kinabaki kipembetatu kidogo cha mwanga, ule mtindo wa mchoraji Rembrandt. Na ukiona mwanga ni mkali au mdogo usikimbilie kamera kwanza, sogeza taa, manake ukiitoa mita 1 ukaipeleka mita 2 mwanga unaomfikia mtu unabaki robo tu, sio nusu.

Sasa hapa kwenye helmeti ndo picha nyingi zinapofia. Ukingo wa helmeti unamwaga kivuli juu ya macho yote mawili, na taa ikiwa juu kama tulivyozoea kwenye potreti za kawaida unapata mashimo mawili meusi basi. Fanya hivi: sukuma helmeti nyuma kidogo, kama vidole viwili juu ya nyusi, legeza na mkanda wa kidevuni (mtu aliyechoka hafungi mkanda vizuri hata hivyo), halafu shusha taa mpaka iwe usawa wa kidevu au chini kidogo, kama vile kandili imewekwa juu ya sanduku mbele yake. Bado macho hayajafunguka? Mwekee kadibodi nyeupe mapajani, nje ya fremu, irudishe mwanga kidogo. Kuza picha kwenye skrini uangalie mboni, unatafuta kinukta cheupe. Kikiwepo, jicho liko hai. Kisipokuwepo endelea kuhangaika na taa, usibonyeze bado.

Setingi za kamera sio ngumu. Lenzi ya milimita 50 au 85, apecha (upana wa tundu la lenzi) f/1.8 mpaka f/2.8, shata (muda wa kupokea mwanga) isiwe ya polepole kuliko 1/100 ya sekunde hata kama una tripodi, kwa sababu tripodi inatuliza kamera, haimtulizi mtu anayepumua. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ndo ibebe mzigo uliobaki, 1600, 3200, hata 6400 kwa kamera za siku hizi, na wala usiogope chenga, vile vidoto vya ISO kubwa, kwenye picha ya aina hii chenga zinakaa vizuri tu. Kinachoharibu ni kupiga giza sana kwa kuogopa ISO halafu unavuta mwanga kwenye kuediti, hapo vivuli vinatoa chenga za rangi mbaya. Pimia mwanga kwenye shavu lililoangazwa, upande mwingine uache uzame. Halafu skrini ya kamera gizani inadanganya, kila picha inaonekana imeng'aa, kwa hiyo angalia histogramu, ile grafu ya mwanga na giza la picha, usiamini macho. Ukiona mistari ya giza imepita kwenye picha ujue ni taa za LED zinapepesa, mahali penye umeme wa 50 Hz tumia 1/100, penye 60 Hz jaribu 1/125.

Fokasi gizani inahangaika, na kwa f/1.8 ukikosea kidogo nyusi zinakuwa kali na jicho limelegea. Mtu amulike uso kwa tochi, fokasi kwenye jicho lililo karibu na wewe, funga fokasi, zima tochi, piga. Akisogea rudia.

Waiti balansi, yaani setingi ya rangi ya mwanga, usiiachie kamera, itaondoa ule uchungwa wote wa moto. Mwanga wa mshumaa uko karibu 1900K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), ukiweka kamera 3200K hivi unabaki na joto bila ngozi kugeuka karoti. Piga RAW, faili ambalo kamera haijalichakata.

Moshi unaangazwa kutoka nyuma. Ukiupiga taa ya mbele unapata pazia jeupe limefunika kila kitu, ila taa ndogo nyuma ya mtu inauchora vizuri na inamtenga na giza la nyuma. Mashine ya moshi ndani ya chumba chenye hewa ni sawa, mabomu ya moshi ni nje tu, yanapata moto sana. Na usirushe unga wa ngano hewani kuigiza vumbi kukiwa na moto karibu, unga hewani unalipuka.

Uchafu nao una mahali pake: mikunjo ya shingo, pembeni ya pua, chini ya kucha, ukosi wa shati. Masizi yaliyopakwa mistari miwili mashavuni ni ya sherehe. Jasho, changanya gliserini na maji nusu kwa nusu, puliza, halikauki haraka. Halafu mchokozee mwili kweli, apande ngazi mara kadhaa na begi mgongoni, akae, alegeze taya, aangalie mbali nyuma yako, na wewe nyamaza. Picha nzuri mara nyingi inakuja pale anapodhani umemaliza. Kama ameishi vita kweli muulize kabla yupo tayari kwenda hadi wapi, na akisema basi, ni basi.

Silaha ziwe za bandia, na kama mko nje waambie polisi na majirani mapema. Angalia na sheria ya magwanda, nchi nyingine raia haruhusiwi kuyavaa. Mwisho, andika kwamba picha ni ya kuigiza. Mpiga picha Alexander Gardner mwaka 1863 kule Gettysburg, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, alipiga maiti ya mwanajeshi iliyokuwa imehamishwa na kupangwa na bunduki pembeni, akaiuza kama ilivyokutwa, na watu waliiamini miaka mingi. Maelezo ya chini ya posti yanapotea picha ikianza kusambaa, kwa hiyo yaandike pia ndani ya faili lenyewe, kwenye metadata, kabla hujaituma kokote.