Kabati la nguo la ukutani Mwanza: pima ukuta kwanza, fundi baadaye

Kabati likianza kufura miguuni na nguo kunuka uvundo, lawama humwendea fundi. Mara nyingi chanzo ni ukuta lililoegemea. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Bugarika zimechongewa mlimani, na ukuta wa nyuma umeshikana na udongo au jiwe. Masika yakishuka, maji hupenya kwenye tofali polepole. Rangi inayobabuka na chumvi nyeupe inayochanua juu ya plasta ni dalili tosha.

Usipoona dalili, pima. Bandika kipande cha nailoni angavu cha sm 50 kwa 50 ukutani, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta; yakitokea upande wa chumbani, ni hewa tu, fungua madirisha. Ukuta ukiwa na maji, hamishia kabati kwenye ukuta wa katikati ya nyumba. Huna pa kuhamia? Piga papi zilizopakwa dawa ya mchwa, acha mwanya wa sm 4 nyuma ya kabati, na toboa matundu ya hewa chini na juu. Mwanya usiopumua hauna faida.

Chini, jenga msingi wa tofali wa sm 10 na uumalizie kwa vigae. Msingi wa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) uliokaa sakafuni hunywa maji kila mtu akideki.

Sasa vipimo. Pima upana wa nafasi sehemu tatu, chini, katikati na juu, ufuate ulio mdogo kuliko yote. Kuta zetu zilizopigwa plasta kwa mkono hutofautiana hata sm 2 bila macho kuona, kwa hiyo kabati liwe jembamba kuliko nafasi kwa sm 2 hadi 3, na pengo lizibwe kwa kipande cha ubao kilichochongwa kufuata ukuta. Kina kiwe sm 60. Ukipunguza hadi 50, mabega ya nguo kwenye hanga yatagusa mlango na mlango hautafunga vizuri. Milango ya kuteleza inahitaji karibu sm 67, kwa kuwa reli zake mbili hula nafasi. Gauni na kanzu zinataka sm 150 hadi 160 kutoka kwenye bomba la kutundikia hadi chini, mashati 100. Rafu ya mm 18 isizidi sm 80 bila nguzo katikati. Ikizidi, mrundo wa jinzi utaipindisha.

Kwa kabati la upana wa sm 180, urefu wa 230 juu ya msingi, vyumba vitatu na milango mitatu, hesabu ni hii (shiti ni ya MDF, sm 122 kwa 244, unene mm 18):

- mihimili minne ya kusimama: shiti 2
- juu na chini: shiti 1
- rafu nane: shiti 1
- milango: shiti 2, na nusu inayobaki inatoa droo tatu
- mgongo: plaiwudi ya mm 6, shiti 2, na kiungo chake kiangukie nyuma ya mhimili

Ukitoa unene wa mihimili minne, kila chumba kina uwazi wa sm 57.6. Hapo ndipo droo hukosewa. Reli za pembeni hula mm 13 kila upande, basi droo iwe na upana wa sm 55.0 kwa nje. Ikiwa 56 haiingii. Ikiwa 54 reli zinaachia. Na droo ikikaa nyuma ya mlango, ongeza ubao wa mm 18 upande wa bawaba, ama sivyo itagonga mlango kila ikivutwa. Upana wa droo sasa ni sm 53.2.

Mlango wa MDF wa sm 59 kwa 228 una uzito wa karibu kilo 18. Bawaba tatu zitauchosha upesi. Weka tano, za kikombe cha mm 35. Skrubu za kuunga ziwe za mm 4 kwa 50, na kila moja itanguliwe na tundu la mm 3, kwa sababu ukingo wa MDF hupasuka. Fundi anayepiga misumari kwenye ukingo wa MDF, mwambie aache. Msumari haushiki humo.

MDF haipendi maji hata kidogo, kwa hiyo kila ukingo uzibwe, pamoja na ule wa chini ya mlango ambao hakuna anayeutazama. Anayependa mbao halisi atapata msonobari, ukiwemo ule wa mashamba ya Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe. Ni mzuri ukikauka. Ubao mbichi ni mzito na wa baridi mkononi, na utajikunja ukiwa tayari mlango.

Shiti moja ya MDF ina karibu kilo 40. Kama gari haifiki mlangoni na kuna ngazi za mawe za kupanda, mwagize fundi akatishe dukani kwa mashine kwa karatasi ya vipimo. Kila mkato wa msumeno hula mm 3 hadi 4, uhesabiwe. Vipande viandikwe penseli kabla ya kupakiwa kwenye kirikuu.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo ya kumtafutia fundi. Ipeleke kwa watatu, kila mmoja akupe bei ya kazi ya mikono tu, tofauti na vifaa. Bei ya jumla huficha bawaba za bei rahisi. Usiridhike na picha za simu. Omba kuona kabati alilolijenga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, lililokwisha kupita masika. Vuta droo, pitisha kidole chini ya mlango kutafuta ukingo uliofura. Uliza pia nani atashika kazi, yeye au kijana wake.

Vifaa nunua mwenyewe, risiti ubaki nayo. Pesa ya ufundi igawe: asilimia 30 vipande vikishafika, 40 kabati likishasimama na kufungwa ukutani, 30 mwishoni. Yaandikeni haya, pamoja na tarehe na nani analipia usafiri, mtie saini wote wawili. Hiyo 30 ya mwisho itoke wiki mbili baada ya nguo kuingia, maana milango ikibeba uzito hushuka kidogo, na fundi arudi na bisibisi kukaza bawaba.