Slaki (nafasi ya kazi kuchelewa) kwenye Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba, soma kolamu zote mbili

Wadau wa ratiba za ujenzi, ukiona plasta ina Total Slack (nafasi ya kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi) siku 5 usimwambie fundi apumzike, cheki na Free Slack (nafasi ya kuchelewa bila kusogeza kazi inayofuata), ikiwa 0 basi akichelewa hata siku moja fundi rangi naye anasogezwa, japo tarehe ya kukabidhi nyumba inabaki palepale mpaka hizo 5 ziishe, na mafundi hao wanazitumia kwa pamoja sio kila mtu ana zake. Total Slack ikisoma -3 ujue ratiba imeshapita dedilaini kwa siku 3.

Alafu jamani msijaze Start kwa mkono, programu inaweka Start No Earlier Than (kazi isianze kabla ya tarehe hiyo) kimyakimya, kazi iliyotangulia ikiwahi kuisha hii haisogei nyuma. Irudishe As Soon As Possible (ianze mapema iwezekanavyo), tarehe ziachie Predecessors (kolamu ya kazi zinazotangulia).