Kukata viraka vya kwilti kwa njia ya siku hizi

Zamani kila kiraka cha kwilti (lile blanketi la viraka vilivyoshonwa pamoja) unakichora kwa kipande cha kadibodi, unakata kwa mkasi, kimoja kimoja, na kadibodi ikishachakaa pembeni basi vipimo vinaanza kuhama bila wewe kujua. Mwaka 1979 kampuni ya OLFA ya Japani ikatoa kisu cha gurudumu (wembe wa mviringo unaozunguka kwenye mpini) na mambo yakabadilika kabisa.

Sasa fanya hivi. Piga kitambaa pasi, kilaze kwenye mkeka wa kukatia, bana rula nzito ya plastiki kwa vidole (vidole vikae ndani ya rula jamani, hicho kisu hakina huruma) halafu kata mikanda ya inchi 2 na nusu, rangi mbili. Shona mkanda na mkanda kwa cherehani, mshono robo inchi, piga pasi mshono ulalie upande wa rangi nzito, kisha katiza vipande vya inchi 2 na nusu, geuza kimoja, unganisha viwili, tayari una kipande kimoja chenye miraba minne bila kukata kiraka kimoja kimoja. Kipande chote kikitoka inchi 4 na nusu kila upande uko sawa, kikipungua mshono wako mnene.

Na wale wanaosema kwilti ya mashine sio kwilti, mwaka 1989 mshonaji Caryl Bryer Fallert alichukua zawadi kuu ya maonyesho ya kwilti ya mji wa Paducah kule Marekani kwa kwilti ambayo tabaka zake zilishonwa pamoja kwa mashine. Mimi ukingo bado namalizia kwa mkono, napenda tu.