Maji ya bwawa la samaki: anza kuyadhibiti kwenye mfuko wa chakula

Wageni wakija kuona mabwawa yangu hapa Ihumwa, Dodoma, huuliza sato wanafikia uzito gani. Mimi huwauliza maji yao wanayamwaga wapi. Wengi hunyoosha kidole kwenye korongo.

Anza na mfuko wa chakula. Soma protini iliyoandikwa. Kama ni asilimia 30, kilo 10 zina kilo 3 za protini, na ndani yake mna naitrojeni gramu 480 hivi. Samaki hujengea mwili robo hadi theluthi tu. Inayobaki hutoka kwenye mashavu yao kama amonia, au huzama kama kinyesi na mabaki. Ndiyo maana naona bomba la kutolea maji ni jambo la pili; la kwanza ni mkono unaorusha chakula. Rusha kidogo kidogo, pembe ileile kila siku, na samaki wakiacha kugombania nawe acha, hata kama kopo halijaisha. Vua wachache kila baada ya wiki mbili uwapime kwenye mizani. Nikiona zaidi ya kilo 2 za chakula zinanipa kilo 1 tu ya samaki, najua hela inaozea chini ya bwawa.

Kipimo cha bure ni mkono. Uzamishe wima, kiganja ukikunje kitazame juu. Kikipotea wakati maji hayajafika hata katikati ya kifundo na kiwiko, ukijani umezidi: punguza chakula, na mbolea usiiguse. Maji yakiwa mekundu kwa udongo, kipimo hiki hakisemi kitu. Hapo nunua karatasi za kupimia amonia na pH, yaani kiwango cha asidi au alkali cha maji. Visima vingi vya huku vina chumvi na maji magumu. pH ikipita 8 na jua la Oktoba likiwaka, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka ile inayoua samaki.

Siku ya kuvua ndiyo yenye kazi. Uchafu mwingi hukaa kwenye maji ya mwisho, yale ya kukanyagwa na wavuaji. Kwa hiyo toa kwanza maji ya juu, taratibu, yaende kwenye migomba au mchicha, na mdomo wa bomba ufunge chandarua ili vifaranga na kambale wasitoroke. Yale ya chini yaelekeze kwenye shimo la kutulizia, yakae siku mbili tatu mpaka tope litue. Tope likikauka ni mbolea nzuri ya shamba. Ila kwa maji ya kisima chenye chumvi, badilisha vitalu unavyomwagilia. Ukiona utando mweupe kama magadi juu ya udongo, pumzisha hapo mpaka mvua za Desemba zisafishe. Maji yaliyotiwa dawa usiyatoe kabisa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Ukitaka kutiririsha kwenye mto au korongo, usijipangie. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya maji ya bonde. Dodoma mjini tuko Wami/Ruvu, Singida ni Bonde la Kati, na walio Mtera wako Rufiji. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa la asili au bwawa la kuhifadhia maji, kwa hiyo pima kabla hujachimba.

Sisi tuna nafuu ya bomba la kufunga. Wafugaji wa samoni wa Norway hufugia kwenye vizimba baharini, kinyesi kinaanguka moja kwa moja chini. Serikali yao hudhibiti uzito wa samaki walio hai majini, kwa kawaida tani 780 kwa leseni moja, na hupima tope na wadudu wa sakafu ya bahari chini ya vizimba. Kwetu leseni ya namna hiyo haipo, lakini ukomo wa uzito jiwekee mwenyewe: uandike mlangoni pa stoo ya chakula, kijana anayelisha auone kila asubuhi.